Kinyago kiko ofisini: barua ya wazi kwa Mkurugenzi na Baraza letu la Madiwani

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani,

Shikamooni walionizidi umri, na wa rika langu habari za kazi.

Mimi ni fundi cherehani na mkulima wa alizeti huku kanda ya kati, na huu ni mwaka wangu wa tatu nikiwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kijiji chetu. Kijiji sikitaji, wala mwalimu simtaji, maana sitaki mtu aitwe ofisini kujieleza kwa sababu ya barua yangu. Nikianza kusimulia mtatufahamu.

Mwanzoni mwa mwaka mlifanya kikao cha tathmini ya matokeo ya darasa la saba. Walimu wakuu wote waliitwa, na Maafisa Elimu Kata pia. Shule zilizoongoza zikapewa vyeti na vikombe, zilizoshika mkia zikapewa vinyago. Kimoja cha vinyago hivyo kiko kwetu.

Nilikiona kikiingia kijijini. Mwalimu wetu mkuu alishuka kwenye bodaboda jioni, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, mkononi ana mzigo ndani ya mfuko wa salfeti. Watoto waliokuwa bombani wakamkimbilia kumpokea, kama wanavyompokea mtu mzima yeyote, naye akawakatalia. Tangu nimfahamu hajawahi kukataa kupokewa. Kesho yake alituita wajumbe wa kamati, akakitoa kile kitu na kukiweka mezani: sanamu la mti, mdomo umeachama, macho yamechongwa ovyo makusudi. Akasema ameelekezwa kikae ofisini, mahali ambapo kila mgeni atakiona, mpaka shule itakapopanda. Tulikaa kimya. Mama mmoja mjumbe akanyanyuka, akakigeuza kikatazama ukutani, ndipo kikao kikaanza.

Waheshimiwa, sikuja kutetea matokeo mabaya. Mabaya ni mabaya, na anayeumia ni mtoto wangu na wa jirani yangu. Mwaka jana binti mmoja aliyemaliza darasa la saba kwetu alikuja kwangu kujifunza ushonaji. Nikamwambia agawe kiuno cha sentimeta 76 mara nne. Kwenye karatasi alishindwa kabisa, akabaki anaitazama kalamu. Kisha akaichukua futikamba, akaishika pale penye 76, akaikunja mara mbili na kuweka kidole mwisho wa mkunjo: kumi na tisa. Jibu sahihi. Nililia siku ile, na nilikuwa nalia kwa hasira, kwa sababu akili ya yule binti haina kasoro. Miaka saba alikaa shuleni na hakuna aliyepata nafasi ya kumwonyesha kwamba alichokifanya kwa mkunjo ndicho kinachoandikwa kwenye daftari.

Nafasi hiyo ilikosekanaje? Ndilo swali ambalo sikusikia mkiulizana kwenye kikao cha tathmini. Mwalimu aliulizwa watoto wamepata alama ngapi. Ninyi hamkuulizwa shule imepata nini.

Niwape hesabu ya shule yetu, maana tuna watoto kama mia tatu, hesabu yake ni nyepesi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazokuja kwenye akaunti ya shule. Watoto 300 mara 6,000 ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi. Humo itoke chaki, yatoke madaftari ya maandalio na ya mahudhurio, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, bati lililong'oka, mpira wa michezo, na dawa ya kusafishia vyoo.

Kuondolewa kwa ada kulikuja pamoja na posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu. Naomba nisieleweke vibaya: anastahili, na ningekuwa na uwezo ningemwongezea. Ila wekeni namba hizo mbili pamoja mzitazame. Posho ya kuisimamia shule yetu ni kubwa kuliko fedha ya kuiendesha.

Na hiyo elfu kumi ina umri mrefu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002 ruzuku ilipangwa kuwa dola 10 kwa mtoto, na wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,000. Leo dola inazidi shilingi 2,300 na kiwango ni kilekile. Mtoto wa 2002 amekwisha kuoa, mwanawe yuko darasa la pili, na serikali inamhesabia mwana fungu lilelile la baba yake. Hilo najua si la halmashauri, ni la Hazina na TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri zote. Lakini ninyi ndio mdomo wetu huko, na sijawahi kusikia mmelisema kwa sauti.

Lililo lenu ni hili. Kugawa kwa kichwa kunaziumiza shule ndogo. Shule ya mjini yenye watoto 1,200 inapata 600,000 kwa mwezi. Wana shida zao, najua, msongamano madarasani ni mateso na siwaonei wivu. Ila ofisi yao ni moja kama yetu, mwalimu mkuu wao anasafiri kwenda halmashauri kama wetu, tena kwa daladala ya karibu. Zipo gharama ambazo hazijali watoto ni wangapi, na sisi wa vijijini tunazilipa kutoka kwenye fungu dogo. Tangu manunuzi ya serikali yahamie kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, mwalimu wetu analazimika kwenda kutafuta mtandao mjini hata kwa kitu kidogo, maana kwetu umeme haujafika shuleni na simu inashika ukiwa juu ya kichuguu cha nyuma ya vyoo. Nauli ya kwenda na kurudi anatoa mfukoni. Siku anayoondoka, darasa lake halina mtu.

Hapo nifike kwa walimu, kwa sababu ndipo penye kidonda chenyewe. Tuna walimu wanne, mwalimu mkuu akiwemo. Tuna darasa la awali na la kwanza mpaka la saba: madarasa manane. Si lazima uwe mtaalamu wa elimu kuona kwamba kila saa ya siku ya masomo, madarasa manne hayana mwalimu, na mwalimu mkuu akiwa mjini yanakuwa matano. Ukipita dirishani utakuta kiranja mwenye fimbo amesimama mbele ya wenzake anawaandika majina wapiga kelele. Mtoto wangu wa darasa la nne aliniambia somo analolipenda ni usafi, kwa sababu ndilo mwalimu huwa yupo.

Mtanijibu kwamba ikama, yaani idadi ya walimu shule inayostahili, inakwenda kwa uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Sawa. Gawanyeni 300 kwa 45: ni walimu saba, kwa madarasa manane. Hata mngetupa haki yetu yote ya kwenye karatasi bado darasa moja lingebaki bila mtu. Uwiano huo unafaa shule kubwa, ambapo darasa moja lina mikondo mitatu. Kwa shule ndogo kipimo kilichopaswa kuja kwanza ni idadi ya madarasa. Na hata hao saba hatuna. Katika miaka mitatu niliyokaa kwenye kamati nimeona walimu watatu wakihamishwa kwenda shule za karibu na barabara, mmoja akiwa amepanga matofali ya kujengea nyumba hapa kijijini. Aliyeletwa badala yao ni mmoja. Sijui nani hupanga hayo majina, ila kila uhamisho unapita mezani kwa mtu, na mtu huyo ana ofisi katika jengo lenu.

Sisemi serikali haijafanya kitu. Madarasa yamejengwa. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 yakiwa ya shule shikizi, zile ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule mama, na baada yake ukaja mradi wa BOOST kwa shule za awali na msingi. Kwetu tulipata madarasa mawili, yamepakwa rangi vizuri, sakafu haina shimo. Nilibeba maji ya kumwagilia msingi kama akina mama wengine na sijutii hata ndoo moja. Siku ya kukabidhi mlikuja na magari matano. Kwa sasa darasa moja kati ya hayo mawili tunahifadhia madawati mabovu, kwa sababu hatuna mwalimu wa kuliingia.

Sasa niseme la kamati, na hili ni gumu kwangu kwa sababu linanihusu. Kisheria kamati ya shule ndiyo inayopaswa kujadili mipango na mapato na matumizi ya shule kwa niaba ya wazazi. Tangu fedha zianze kuja moja kwa moja kwenye akaunti za shule, wengi tuliamini kwamba sasa maamuzi yameshuka kwetu. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa muhtasari nyumbani, niko kwenye cherehani, nikaombwa nisaini haraka kwa sababu gari la mjini linaondoka. Kikao chenyewe hakikuwa kimefanyika. Nilisaini. Nilisaini na wa pili. Wa tatu niliukataa, na mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye mvi, alikaa kwenye benchi langu la wateja akanieleza kwa unyonge: fedha imekwisha kupangiwa matumizi kabla haijaingia. Kuna mitihani ya ujirani mwema ya kata, kuna mock ya wilaya, yaani mtihani wa majaribio, kuna mchango wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kuna maelekezo yanayoletwa kwa simu kwenye kundi la walimu wakuu, na kila moja lina tarehe ya mwisho. Kamati inaitwa kubariki.

Sitaki kusema kuna aliyekula fedha. Sina ushahidi na sitamsingizia mtu. Ninachosema ni kwamba fedha inayoitwa ya shule inaamuliwa na watu wasiokuwepo shuleni, kisha inaandikwa kwa saini za wanakijiji, na siku matokeo yakija mabaya kinyago kinapewa shule. Mwenye maamuzi hayumo kwenye orodha ya walioshindwa. Ningependa mlifikirie hilo kwa dakika chache bila kukasirika, maana ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Juu ya vinyago nina jambo moja zaidi. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, likaeleza kwamba utaratibu huo hauna tija. Chombo kinachotunga mtihani, kinachousahihisha, na chenye alama za kila mtoto wa nchi hii, kiliona kupanga shule kwa foleni hakusaidii. Mwaka 2024 ufaulu wa darasa la saba kitaifa ulikuwa asilimia 80.87, namba ya kumfurahisha yeyote, na sisi tulikuwemo kwenye ile sehemu iliyobaki. Tunajua tulipo. Hatuhitaji sanamu la kutukumbusha. Tangu lilipofika, mwalimu wa darasa la kwanza, kijana mwenye moyo ambaye watoto wanamfuata mpaka kwake, ameandika barua ya kuomba uhamisho. Nani abaki kwenye shule ya kinyago?

Ninayoyaomba yako ndani ya uwezo wenu, si ya Dodoma.

La kwanza na kubwa: kikao kijacho cha tathmini, kila shule itakaposomewa matokeo yake, isomewe papohapo na ilichopewa. Walimu wangapi kwa madarasa mangapi, shilingi ngapi ziliingia na lini, kiasi gani kiliondoka kwa maelekezo ya wilaya na kata, Afisa Elimu alifika mara ngapi. Wote tuwe kwenye karatasi moja, mwalimu mkuu, kamati, wazazi, na ninyi. Karatasi hiyohiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa kijiji, kwa maandishi makubwa, mzazi aisome akipita kwenda mnadani. Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016. Sioni kwa nini tuombe kwa kunong'ona.

Pili, shule ndogo zipewe fungu la msingi kutoka mapato ya ndani. Sheria inawaruhusu kutoza ushuru wa asilimia 3 kwenye mazao ya biashara, na alizeti yetu inapita getini kwenu kila msimu. Mnatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa kuwa fungu hilo liko wazi kila mtu analijua na analidai. Kwa shule hakuna fungu la namna hiyo. Shilingi laki moja kwa mwezi kwa kila shule yenye watoto pungufu ya mia nne ingetuwezesha kulipa nauli ya mwalimu, kununua chaki kabla haijaisha, na kuchapa zoezi la kusoma kwa watoto wa darasa la pili. Kaeni na mweka hazina mpige hesabu, shule za namna hiyo katika halmashauri yetu si nyingi. Nawaandikia mapema makusudi, kabla bajeti haijafika mezani kwenu.

Kuhusu michango inayokatwa kwenye ruzuku, naomba ikome, au angalau ije kwa barua yenye sahihi ya aliyeagiza. Simu kwenye kundi la walimu isiwe hati ya matumizi. Na walimu: mtu asihamishwe kutoka shule yenye walimu pungufu ya madarasa mpaka mbadala wake awe ameripoti, na wakija waajiriwa wapya shule kama yetu ifikiriwe kwanza. Sisi kijiji tuko tayari kwa upande wetu. Zile tofali za yule mwalimu aliyeondoka bado zipo, tulizinunua kwa michango, na nyumba ya mwalimu imefika usawa wa dirisha.

Najua mtatuuliza na sisi wazazi. Ni haki yenu. Msimu wa kuvuna alizeti madarasa yanapungua nusu, na watoto wa kiume wanapelekwa machungani na baba zao wanaona ni kawaida. Chakula cha shuleni kimetushinda mwaka huu: tulikubaliana debe moja la mahindi kwa kila kaya, kaya chache zikatoa, uji ukapikwa wiki tano ukakoma. Mtoto anayetoka kitongoji cha mbali anaondoka kwao kabla ya jua na kurudi saa tisa hajala kitu. Tumeitisha mkutano wa kijiji juu ya hilo na tumewekeana adhabu, wala hatukusubiri mkutano uitishwe na mtu wa wilaya. Lakini niwaambie ukweli niliousikia kwenye mkutano huo. Baba mmoja alisimama akasema, "Nimtoe mtoto machungani aende kukaa chini ya kiranja?" Watu walimpigia makofi, na mimi mjumbe wa kamati sikuwa na jibu la kumpa.

Nipeni jibu la kumpa yule baba. Kikao chetu cha kamati hukaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi, chini ya mkwaju mbele ya ofisi. Diwani wetu anapafahamu. Mkurugenzi akija na Afisa Elimu wa Awali na Msingi, bila msafara, tutawafungulia vitabu vyote vya shule, na muhtasari nilioukataa bado upo.

Kinyago nacho kipo. Mwalimu alitii maelekezo, lakini kamati ilikaa na kuamua kiwekwe kabatini, kimefunikwa na ule mfuko wa salfeti uliokileta, kwa sababu watoto wa awali walikuwa wanaogopa kuingia ofisini kuchukua kengele. Uamuzi huo ni wetu, mwalimu asiulizwe. Gari la halmashauri likipita huku tunaomba likichukue.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa kamati ya shule, na mama wa watoto wawili wanaosoma hapo